Koti la Babu Uji

Saa kumi kamili alasiri, koti la marehemu lilijiinua kwenye msumari wake, likanyoosha mkono wa kulia.

Mwanaidi alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, ingawa mchele wa siku hizo ulitoka kiwandani safi, hauna hata chembe ya jiwe. Aliinua uso, akatazama. Mkono wa koti ulikwenda mbele taratibu, kiganja juu, kama wa mtu anayempa mwenzake kikombe. Kisha kutoka kwenye kola ikatoka sauti ya mumewe, Sefu Kibwana, aliyezikwa siku kumi na tano nyuma.

"Karibu, mgeni. Umekula?"

Mwingine angepiga yowe. Mwanaidi alirudisha macho kwenye ungo. Tangu mazishi, kitu ndani yake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Chai na maji ya kunawia vilikuwa sawasawa kinywani mwake. Wanawake waliokuja msibani waliliona hilo na wakalisema jikoni kwa sauti ya kusikika: mjane hajatoa chozi.

Lile lilikuwa koti-hisi. Katika Tanga ya miaka hiyo, ambapo treni za sumaku zilipita kimya juu ya Ngamiani na ndege-nyuki zilileta mikate ya moto madirishani, karibu kila nyumba ilikuwa nalo moja. Limefumwa kwa nyuzi laini kuliko hariri, na katika kila uzi inapita akili unde. Ukilivaa na kuweka miwani yake, unaingia Bara la Saba, mchezo unaochezwa na mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake. Upepo wa huko unausikia shingoni. Uzito wa upawa unausikia kiganjani. Wengi huchagua unyang'anyi au ujemadari, maana kule mwovu hupanda cheo haraka. Mwema hupewa taa ndogo begani, basi.

Na taa hiyo haidanganywi. Kifuani mwa koti kuna kisoma-moyo, kidude cha duara kama kitumbua, kinachosikiliza mapigo. Ukitenda wema na moyo ukaguswa, taa inapata mafuta. Ukitenda kwa kujionyesha, haipati kitu. Taa ikikaa siku arobaini bila mafuta huzimika, na mhusika wake hufutwa, uso, mwendo na sauti.

Sefu alikwenda huko kila siku saa kumi, mlango ameufunga. Mwanaidi alidhani anapigana vita kama wanaume wengine. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa yao, Sefu alikuwa mtu wa "mh". Ukimwandalia chakula, mh. Ukimwuguza, mh. Hakumpiga wala hakumtukana. Lakini kumwuliza mkewe kama amekula, hilo halikumtoka hata siku ya Idi.

"Umekula?" koti likauliza tena.

Mwanaidi akaweka ungo chini, akalitoa msumarini, akalivaa, akaweka miwani.

"Wifi! Makubwa haya!" Riziki alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Alikuwa dada wa marehemu, na alikuja kukaa naye mpaka eda iishe. "Mjane wa siku kumi na tano unatoka kwenda mchezoni?"

"Sijatoka. Nimesimama hapa hapa mkekani."

"Miguu ipo mkekani. Macho yapo wapi?"

Macho ya Mwanaidi yalikuwa njiapanda, ndani ya Bara la Saba. Barabara nne za udongo mwekundu zilikutana, na katikati yake palikuwa na kibanda cha makuti, mafiga matatu na chungu kinachotokota. Aliitazama mikono yake, akaona mikono ya mzee. Maandishi ndani ya kola yalikuwa yameonya kwamba koti lina kumbukumbu ya mwili, kwamba mtu mwingine akilivaa litamvuta viungo mpaka aende mwendo wa mhusika. Alijikaza akingoja kuvutwa. Halikumvuta. Akadhani limeharibika.

"Babu Uji!" Jitu lenye shoka mbili mgongoni lilikuja mbio. "Wiki mbili! Tulisema umeoa jini!"

"Nilikuwa na udhuru," alisema Mwanaidi, na maneno yakatoka kwa sauti ya Sefu, yakamwingia masikioni mwake mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyojua. Mumewe hakuwa jemadari. Alikuwa mzee wa kugawa uji kwa wageni wa mchezo, wale wanaoingia hawajui kitu na kuporwa kila walichonacho kabla ya kufika njiapanda. Jitu lile, Shoka Mbili, nje ya mchezo lilikuwa fundi wa roboti huko Mtwara. Zamani lilimpora Babu Uji mara tatu, na mara zote tatu lilipewa kikombe kwanza. Mara ya nne likaja bila shoka mkononi.

"Mbona hujaniuliza?" likasema.

"Kitu gani?"

"Eti kitu gani! Kama nimekula. Kila mtu unamwuliza. Mama yangu mwenyewe haniulizi."

"Umekula?" akauliza Mwanaidi. Taa begani haikutikisika.

Akawa anakwenda kila siku. Alipika, akamimina, akauliza, akaelekeza njia. Wageni walimshukuru kwa machozi. Mwanaidi aliwatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo. Alifanya yote aliyoyafanya mumewe, na kila jioni taa ilikuwa imepungua kidogo.

"Babu, taa yako imekuwa kibatari," Shoka Mbili akatania. "Au umeanza kutia maji kwenye uji?"

"Ikizimika itakuwaje?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Unafutwa. Hata sauti."

Mwanaidi akahesabu siku. Taa ingezimika siku ya arobaini, siku ya hitima. Alijaribu kujilazimisha. Alikumbuka mazishi, akakumbuka sanda. Kifua kilikaa kimya kama saa iliyosimama. Alitaka sauti ile ibaki, hilo tu, na kitu pekee ambacho kingeibakiza hakuwa nacho.

Siku ya thelathini na sita Riziki aliingia akalipokonya koti.

"Lete na mimi nione kaka yangu alikuwa anatafuta nini humo kila siku. Wewe unakonda, chakula changu unakirudisha kizima."

Akalivaa juu ya kanga, akaweka miwani. Mara mguu wake wa kushoto ukaburutika.

"Ala! Linanivuta!"

"Lilegezee mwili."

"Nililegezee mpaka wapi? Yallah, mkono!" Mkono wake wa kulia ulichota hewani, ukasogezwa mdomoni, na Riziki, bila kutaka, akapuliza upawa usiokuwepo, mara moja tu. Kidole gumba kikafuta mdomo wa kikombe kisichokuwepo. Kisha kiganja kikazunguka, kikageuza mkono wa kikombe umwelekee mgeni. Riziki akatembea hatua tano chumbani, mguu wa kushoto nyuma, bega la kulia limeshuka kidogo. Alianza kucheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Wifi," akasema, miwani ikiwa bado usoni. "Linanitembeza kama wewe."

Mwanaidi alitazama. Mguu wake wa kushoto aliuvunja mwaka wa tatu wa ndoa, alipoteleza bafuni, na tangu hapo aliuburuta. Kupuliza upawa mara moja alirithi kwa mama yake. Kugeuza mkono wa kikombe hata hakujua kwamba anaugeuza. Na "umekula" ilikuwa yake pia, aliyomwuliza Sefu kila jioni ya Mungu, akajibiwa mh. Mtu aliyekaa pembeni ya meza miaka thelathini na mmoja, macho chini, alikuwa ameyaona yote haya, moja moja, akayabeba na kwenda kuwagawia wasiomjua.

Ndiyo maana koti halikumvuta. Lilimkuta tayari yuko vile linavyotaka.

"Sema kitu basi," Riziki akasema.

"Nikupe uji?" akasema Mwanaidi.

Siku ya thelathini na tisa alilivaa mapema, kabla ya wageni kufika njiapanda. Alisimama peke yake mbele ya chungu, akasema polepole:

"Mwanaidi, umekula?"

Ikatoka sauti ya Sefu, nzito, na ile mikwaruzo yake ya tumbaku. Aliisikiliza mpaka ikaisha. Alisema tena. Taa haikutikisika. Midomo ilikuwa yake, pumzi ilikuwa yake, na aliyekuwa akiulizwa alijua nani anauliza.

Kesho yake wakasoma hitima. Wanawake wakala pilau, wakafungasha na makombo, wakaondoka. Ilipofika saa kumi, Mwanaidi akalichukua koti.

"Unakwenda tena?" Riziki akauliza.

"Kule hawajapewa taarifa ya msiba."

Njiapanda palijaa. Shoka Mbili alikuwa ameita watu baada ya kuiona taa inakufa, na walikuja kutoka pembe zote za Bara la Saba, wenye panga na wenye mabawa, wote waliowahi kunywa uji pale. Mwanaidi akasimama juu ya jiwe.

"Mwenye sauti hii amefariki," sauti ya Sefu ikasema. "Leo ni arobaini yake. Mimi ni mkewe."

"Babu, utani mbaya huo," alisema Shoka Mbili.

"Si utani, baba. Alizikwa Tanga, siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri."

Mmoja mmoja, walivua kofia za chuma. Shoka Mbili akazitua shoka zake chini, akakuna kichwa kama mtoto.

"Kwa hiyo huu uji wa wiki hizi ulikuwa wa nani?"

"Wangu. Hata ule wa mwanzo ulikuwa wangu." Akampa upawa. "Shika. Puliza mara moja, usipulize mara mbili, utapoa. Futa mdomo wa kikombe. Sasa geuza, mkono wa kikombe umwelekee mgeni."

Jitu likapuliza, likafuta, likageuza kwa vidole vinene visivyozoea. Kikombe kikaja mbele ya Mwanaidi, mkono wake ukimwelekea.

"Bibi," likauliza, "na wewe umekula?"

Kisoma-moyo kikashtuka kifuani. Begani taa ikaruka juu, nyeupe, ikaangaza njia zote nne. Watu wakapiga kelele: mafuta yamepatikana, Babu Uji amepona, siku arobaini nyingine!

"Bado," akajibu Mwanaidi kwa sauti ya mumewe. Ndilo neno la mwisho ililolisema sauti ile. Akaitoa taa begani, akaitundika kwenye bega la Shoka Mbili, na mtu anayetoa taa yake kule hufutwa papo hapo. Mikono ya mzee ikafifia mbele ya macho yake, kidole kwa kidole.

Kesho yake, saa kumi, koti lilining'inia msumarini kama nguo nyingine yoyote. Mwanaidi alilitazama mpaka saa kumi na robo. Kisha akaenda jikoni, akachota uji wa Riziki sufuriani, akapuliza mara moja, akakigeuza kikombe, mkono umwelekee yeye mwenyewe. Akanywa.

"Wifi," akaita, "umezidisha sukari."

Riziki akatoka uani mbio, akasimama mlangoni, akamtazama akinywa.