Loki ya Kushoto

Saa kumi na moja jioni, mvua imekatika lakini mawingu hayajabanduka, Wakili alikwenda kumchukua mama yake hospitali ya macho.

Hakuwa wakili wa kweli. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Jina hilo alibandikwa akiwa na miaka sita, usiku alipombishia baba yake juu ya saa ya kulala mpaka baba akalala yeye.

Gari lilikuwa la baba, foo-wili ya zamani, gari la kupita matopeni, iliyomzidi Wakili umri. Mzee alipofariki, wanaume wa ukoo walilizunguka mara moja, wakapiga teke gurudumu, wakatoa hukumu: chuma chakavu, liuzwe. Wakili akabisha. Kwa miaka miwili bodi iliyoliwa na kutu ilikatwa ikapigwa bati jipya, gia boksi ikashushwa, springi zikapangwa upya, na kila Jumamosi Wakili alilala chini ya gari akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Wateja wengine gereji walipouliza, "Mwenye gari yuko wapi, dada?" aliwajibu, "Unamtazama. Ukimaliza kumtazama, nipe spana ya kumi na tisa." Sasa gari lilimpeleka kazini kila siku ya Mungu, na halijamwaibisha hata mara moja.

Jambo moja tu lilimgombanisha na fundi.

Magari ya zama zile yana loki mbili, moja katikati ya kila gurudumu la mbele. Ukikwama lazima ushuke, uizungushe ya kulia kwa mkono, uzunguke, uizungushe na ya kushoto. Hapo ndipo injini hushika magurudumu yote manne. Ukiwa na mwenzako, mnagawana: dereva kulia, abiria kushoto. Loki ya kushoto ya gari hili ilikuwa imechomelewa. Imefungwa moja kwa moja, haizunguki.

"Mzee wako mwenyewe aliniambia chomelea," fundi alisema. "Nikamuuliza kwa nini. Akasema, chomelea."

"Hiyo si sababu, fundi. Hiyo ni amri."

"Basi mimi nilitii. Wewe, mwanangu, je?"

"Mimi nimesoma."

Akaikata kwa grainda kwa mkono wake mwenyewe, akafunga loki nyingine inayozunguka, kama gari lilivyotoka kiwandani. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Hakuwa ameitumia bado.

Mama alitoka hospitali jicho la kulia limefunikwa pamba na plasta. Daktari aliwasimamisha mlangoni: asiiname, asibebe kitu, jicho lisiguswe na maji kabisa, la sivyo lile walilolishona leo litafumuka na hataona tena. Mama akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma.

"Mama, njoo mbele. Huko nyuma utarushwarushwa."

"Nimeshakaa."

"Cha mbele ndicho chenye springi mpya."

"Wakili, leo nina jicho moja. Usinitoe na hilo kwa maneno. Endesha."

Wakaondoka. Njia ya kurudi hushuka bondeni, huvuka kijito kwenye daraja la chini, kisha hupanda kwa udongo mtupu mpaka kwenye changarawe ya juu. Mvua ya mchana ilikuwa imeugeuza ule udongo kuwa uji. Hatua ishirini baada ya daraja, mkia wa gari ukacheza. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Harufu ya klachi ikapanda...

Likazama.

Wakili alizima injini asikilize. Nyuma yao kijito kilikuwa kinanguruma kwa sauti nzito kuliko walipokipita. Maji ya milimani huja bondeni hapo bila hodi. Mama hawezi kukimbia. Hawezi kuinama. Hawezi kubebwa mgongoni uso ukigonga bega la mtu.

"Ngoja nifunge loki, Mama. Dakika moja."

"Funga ya kulia tu," mama alisema upesi. "Ujaribu kwanza."

"Moja haisaidii. Ni fizikia."

Akashuka. Tope likammeza mpaka kwenye muundi. Akaishika loki ya kulia, akaizungusha. Ikalia, ka! Akapita mbele ya gari, mkono juu ya boneti yenye joto, mpaka kushoto. Akainama.

Ilikuwa imeshafungwa.

Tope lilikuwa limepakwa juu yake kwa alama za vidole. Vinne, na gumba.

Wakili alisimama pale akijibishana na nafsi yake. Huenda aliifunga gereji akasahau. Lakini asubuhi aliifuta kwa kitambaa, na ilikuwa wazi. Huenda ilijizungusha. Chuma hakijizungushi. Palinuka nguo iliyosahaulika ndani ya beseni siku tatu, mbichi, chachu. Na hapakuwa na mtu. Tope lote la upande ule lilikuwa laini kama uso wa maziwa. Hakuna hata wayo mmoja.

Alirudi kwenye usukani mbio kuliko alivyotoka.

"Umeifunga wewe?" mama alinong'ona.

"Nini?"

"Ya kushoto. Wewe?"

Bodi ya gari, upande wa kushoto, ilipigwa kiganja mara mbili. Kama apigavyo mtu anayemwambia dereva, tayari, twende.

Pa. Pa.

"Ondoa gari," mama alisema. "Usisimame. Mwanangu, usisimame!"

Injini ikaitika. Magurudumu manne yakauma tope, gari likatikisika, likajinyonyoa, likapanda. Na ubavuni kwake, nje ya dirisha la kushoto, kitu kilikimbia. Chubwi... chubwi... chubwi... Mwendo wa mtu aliyechoka, anayejaribu kushika mlango asiufikie.

Juu kwenye changarawe, Wakili alikanyaga breki.

"Nimesema usisimame!" Mama alimshika bega, kucha zikapenya shati.

"Nani huyo, Mama?"

Mama akapumua kwa mdomo. Alipoanza kusema, alisema kama anayetapika, kidogo kidogo. "Baba yako alimpa mtu lifti. Mtu wa njiani tu, hatukumjua. Tukazama pale pale. Baba yako akamwambia, shuka, nifungie ya kushoto. Akashuka. Akafunga. Akapiga bodi, twende. Tukaenda."

"Mkamngoja hapa juu."

Mama aligeuzia uso dirishani.

"Mama. Mkamngoja?"

"Maji yalikuwa yanakuja. Tope halisimamiwi, ukisimama umezama, wewe mwenyewe unajua..."

"Hapa si tope!" Sauti ya Wakili ilipasuka. "Hapa ni changarawe! Mtu kawatoa nyie matopeni, mkashindwa kumngoja dakika moja kwenye changarawe?"

"Mimi ndiye niliyesema twende," mama alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Wakili aliinua macho, akamtazama kwenye kioo cha juu.

"Tangu siku ile maji yalipomchukua, kila tukikwama bondeni, ya kushoto tunaikuta imefungwa. Anapiga bodi. Anakimbia. Baba yako ndipo akaichomelea, asiwe na kazi ya kufanya. Asiye na kazi hana cha kudai. Ondoa gari, Wakili. Nakuomba, mimi mama yako."

Chubwi... chubwi... Kisha sauti ikabadilika. Miguu mitupu juu ya kokoto. Taratibu.

Wengine wangekanyaga mafuta. Wakili aliogopa, lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akajinyoosha juu ya kiti cha abiria, akaufungua mlango wa kushoto, akausukuma wazi.

"Ingia," alisema.

Kiti kikabonyea. Springi alizozifunga kwa mikono yake zikalia. Maji yakaanza kudondoka kwenye zulia. To... to... to... Mlango ule una ukaidi wake: haufungi mpaka uuinue kidogo.

Uliinuliwa kidogo. Ukafungwa.

Nyuma yao maji yakalivamia daraja kwa kishindo. Wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

Alimshusha mama taratibu, akamlaza, akamtia dawa ya matone. Jicho lilikuwa salama. Kwa hilo alishukuru. Ndipo mama akamshika kifundo cha mkono.

"Ulimuuliza anashukia wapi?"

Yeye anayemuuliza kila mtu kila kitu... Hakuuliza. Alirudi nje na tochi, akaufungua mlango wa kushoto, akangoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kiti kilibaki kimebonyea. Kiti kikibonyea, kuna uzito. Huo ndio ukweli aliowafundisha watoto wa watu miaka minne.

Asubuhi kilikuwa bado kimebonyea. Wanafunzi walikuwa na mtihani, na basi la kwanza lilikwisha pita. Akaliwasha gari.

Kwenye kona ya posta alimkuta mwalimu mwenzake wa jiografia, aliyezoea kupewa lifti karibu kila siku, akilipa kwa utani. Alikuja anacheka, "Leo kongwe limeamka lenyewe au limesukumwa?" Akaushika mlango wa mbele. Akauachia. Akaingia nyuma.

"Samahani, sikujua una mgeni," alisema, akipangusa viatu. "Shikamoo, mzee."

Wakili hakusikia kitu. Maji tu. To... to...

"Tumeamka salama, mzee. Mbona umelowa hivyo?"

Macho ya Wakili hayakubanduka barabarani. "Muulize," alinong'ona, "anashukia wapi."

"Si umempakia wewe!" Mwalimu alicheka, akainama mbele kati ya viti viwili, akatega sikio. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alirudi nyuma polepole, mpaka mgongo ukagusa kiti.

"Anasema hashuki."

Mkono wake ukatafuta mpini wa mlango.

"Anasema alishashuka mara moja."