Kadi Namba Arobaini na Moja

"Kaka, shati umelivaa ndani nje."

"Nilijua tu kuna mtu atanitazama."

Walikutana hivyo, kwenye foleni ya lifti, watu wakisukumana kuwahi kazini. Dada alikuwa mratibu wa miradi, gauni la bluu, viatu virefu mkononi. Kaka aliandika programu ghorofa hiyohiyo. Mwaka haukuisha, ofisi nzima ikajua wanapendana. Dada alimwita Fundi, naye akaitwa Bosi.

Kwenye ubao wa kazi wa kompyuta, Bosi alimfungulia Fundi kadi yao wawili, namba arobaini na moja: "Kuja kujitambulisha kwa mama." Fundi alicheka, kisha akaahirisha mara tatu. Mara mafua, mara kazi, mara hana shati la maana. Loo, wanaume na visingizio!

Ijumaa moja Fundi akaunganisha hazina ya msimbo, ghala la programu zao zote, na ubao ule. Mtu yeyote akituma msimbo na kutaja namba, kadi yenye namba hiyo ijifunge yenyewe na mhusika apate ujumbe. Akajaribu kwa kufuta kipande cha programu kilichokuwa namba arobaini na moja kwenye orodha ya zamani ya waandika programu. Akaandika: "Nimeondoa 41. Haihitajiki tena." Hakukumbuka kabisa kwamba ubao nao una arobaini na moja yake.

Bosi alikuwa kwa mama yake, wakipima mapazia mapya. Simu ikalia.

"Kuja kujitambulisha kwa mama: imefungwa na Fundi. Nimeondoa 41. Haihitajiki tena."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Kazi tu, mama." Machozi yakamsaliti.

Alipoona ni kadi ipi imejifunga, Fundi alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Mpenzi, namba zimegongana! Ni mtambo, nakuapia."

"Nimekuelewa. Mtambo umekosea."

"Sasa mbona unalia?"

"Kwa sababu nilipousoma ujumbe sikushangaa, Fundi. Niliamini palepale. Umenifikisha mahali pa kuamini jambo kama hilo."

Akakata simu.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta, aibu imemjaa. Kuifungua kadi upya ni kubofya mara moja tu. Hakuigusa. Kesho yake asubuhi alipiga pasi shati jeupe, akapanda ngazi mpaka mlangoni kwa mama mtu.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Fundi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo alilolikimbia mwaka mzima.

"Peke yangu, mama. Sina mzazi, sina mjomba, sina wa kunitanguliza. Niliona haya kuja bila ndugu."

Mama aliufungua mlango wote.

"Basi ingia. Usinisimamie hapo kama msoma mita."

Bosi alikuwa kwenye kochi, pazia mapajani, macho yamevimba.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa."

Bosi hakumtazama. Ila alilivuta pazia upande wake, akamwachia nafasi ya kukaa.