Bwana Haijakubalika

Kliniki ile Jumatatu asubuhi haikuwa mahali pa mtu kupata mpenzi. Foleni ilianzia dirisha la malipo ikapinda mpaka mlangoni, watoto wanalia, mzee mmoja anakohoa kama aliyelipwa kukohoa. Nyuma ya kioo alikaa karani wa bili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, blauzi ya samawati kaipiga pasi mbele tu, maana mgongo hauonekani dirishani. Alikuwa amechoka hata kabla kazi haijaanza. Uchovu wenyewe haukuwa wa siku moja. Ulikuwa wa mume aliyeondoka bila kuaga, wa mama aliyevimba miguu nyumbani, na wa kutwa kubishana na watu wa bima.

"Anayefuata!"

Akaja mwanamume mrefu, shati jeupe la mikono mirefu, plasta juu ya jicho la kushoto.

"Nimekuja kutolewa nyuzi."

"Ulishonwa hapa?"

"Hapana. Nilianguka safarini, nikashonewa huko huko. Kwa hiyo andika nimeshonwa kwingine. Ningeshonwa hapa, kutoa kusingelipiwa tena, kumo ndani ya bei ya kushona. Na kwenye fomu ya bima, sababu ya kuja usiweke namba ya jeraha, weka ya kutolewa nyuzi. La sivyo bima italirudisha dai bila kulilipa."

Karani akaacha kuandika. Sauti ile aliijua. Kwa miaka miwili ilikuwa ikimjia kwenye simu kutoka ofisi ya bima, ikimwambia neno moja lile lile.

"Wee! Bwana Haijakubalika?"

Mwanamume akacheka, nyuzi zikamvuta, akaguna. "Nawe ndiye Mama Ubishi. Nilidhani umri wako ni wa shangazi yangu."

"Mimi nilidhani una pembe."

Foleni ikaangua kicheko, isipokuwa yule mzee wa kikohozi, aliyetaka kuelezwa kama hapa ni kliniki au ukumbi wa harusi.

Muuguzi alimtoa nyuzi, naye akarudi dirishani na kovu lake jipya, jekundu.

"Naomba namba yako ya simu."

"Si unayo?"

"Hiyo ni ya kliniki. Nataka ya mtu."

Akampa. Baadaye alijisuta, kisha akachoka kujisuta.

Simu zikaanza. Mchana walibishana kuhusu madai kama zamani, karani akipandisha sauti mpaka muuguzi anachungulia mlangoni. Jioni mambo yakageuka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Usinikague bwana, mimi si dai."

"Ungekuwa dai ningekukubali bila hata kusoma."

"Mwongo mkubwa! Wewe hujawahi kukubali kitu bila kusoma."

Yule mwanamume alikuwa na upole ambao simu ya ofisini haikuwahi kuuonyesha. Alikuja nyumbani akiwa na machungwa kwenye mfuko wa nailoni, akakaa na mama mtu, akamsikiliza habari za miguu yake toka mwanzo hadi mwisho. Alipoondoka, mama akasema, "Huyu angalau anaaga." Karani akaingia jikoni akasimama huko kitambo, maana alikuwa na furaha na aliiogopa.

Jioni moja, wamekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, karani alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Daktari mwenye kliniki ananitaka niandike uongo. Watu tuliowashona wenyewe, wakija kutolewa nyuzi, niandike wameshonwa kwingine ili bima ilipe tena. Mara ya kwanza nilikataa. Ya pili nikakataa. Ya tatu nikaandika. Nimechoka kukataa, mpenzi."

Yeye akamshika mkono. "Acha kuandika," akasema. "Kuanzia kesho acha."

Akaacha. Lakini wiki mbili hazikupita, barua ikafika. Bima imesimamisha madai yote ya kutoa nyuzi, na wakaguzi wanakuja. Daktari alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, huku akiipigapiga ile barua mezani. "Nani alimleta mtu wa bima hapa, akawa anakunywa chai dirishani kwako? Sasa sikiliza. Wakija nitawaambia karani alikosea. Mkono ulioandika si wangu."

Mkono ulikuwa wa karani kweli. Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kazi ilikuwa imemchosha kitambo. Kilichomuuma ni kwamba siri ile alimpa mtu mmoja tu. Akatoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, akapiga simu.

"Umeniuza."

"Nani kakuuza? Kuna nini?"

"Usinifanye mjinga! Ni wewe tu niliyekwambia."

"Mama Ubishi, nisikilize kwanza..."

"Jina hilo lisitoke tena kinywani mwako."

Akakata. Simu ikaita, ikaita tena, akamfungia kabisa. Siku zilizofuata alikwenda kazini na kurudi kama mtu anayevuta gunia. Mama alipouliza yule wa machungwa yuko wapi, alisema ana kazi nyingi. Mama alimtazama tu, akarudi kukanda miguu yake.

Siku tatu kabla ya ukaguzi karani alipiga simu ofisi ya bima kuuliza wakaguzi watataka kuona nini. Aliogopa sauti itakayopokea. Akapokea mwanamke, mkali kama pilipili.

"Kliniki yenu naishughulikia mimi."

"Tangu lini? Si kuna kaka mmoja hapo..."

"Huyo? Aliiachia zamani, dada. Alikuja hapa na kovu lake bichi, akamwendea mkubwa, akasema hawezi tena kukagua madai ya kliniki hiyo kwa sababu amempenda karani. Ofisi nzima tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wakampeleka kwenye madai ya miwani. Mtu aliyekuwa anakagua upasuaji, leo anahesabu fremu!"

Karani akakalia kiti kilichokuwa na mafaili. "Na hizi habari za nyuzi mlizipata wapi?"

"Kwa wagonjwa wenu wenyewe. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe kashonwa kwenu, mbona kaandikwa kashonwa kwingine."

"Lakini mimi nimekuwa nikimpigia yeye, kwa namba yake mwenyewe, kuhusu madai miezi yote hii. Tumebishana!"

"Mlibishana nini? Hana hata faili moja lenu."

Jumamosi mchana karani alikwenda kwa yule mwanamume. Hakuvaa la maana: gauni la kijivu, kandambili, kitambaa kichwani. Yeye alifungua mlango akiwa na fulana, mikono imejaa povu la sabuni, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. Wakatazamana.

"Miwani," alisema karani.

"Nani kakwambia?"

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Kila mchana ulikuwa unanipigia kubishana. Niliogopa ukijua si mimi tena, utakuwa unampigia huyo aliyechukua nafasi yangu."

"Kwa hiyo mchana wote ule napasua koo kwa mtu asiyeweza kunikubalia hata bandeji!"

"Nilikuwa nabishana vizuri, lakini."

Karani alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akasimama mlangoni analia bila kujificha uso. "Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Ulikwisha kuacha kazi yako nzuri kwa ajili yangu, mimi nakuita msaliti."

"Ingia ndani, jua kali."

Akaingia, akakaa kwenye kochi. Yeye akarudi kwenye sinki, kwani kuosha vyombo kulimsaidia kutolia.

"Wakaguzi wakija nitasema kweli," karani alisema. "Niliandika mimi, na aliyeniamuru ni daktari. Huenda nikafukuzwa."

"Huenda."

"Yaani hunifariji?"

"Nikudanganye? Ukifukuzwa nipo, na mama tutamtunza wote." Aliisugua sufuria ile ile mara ya tatu, mgongo kampa, maana usoni asingeweza. "Tena nilitaka kusema... mimi si mtu wa maneno. Tuoane. Nimekwisha kulifikiria sana. Unasemaje?"

Kimya.

"Unasemaje, mpenzi?"

Akageuka. Karani alikuwa amelala pale pale alipokaa, mdomo wazi kidogo, mkoba bado begani. Akamvua mkoba, akamvua kandambili, akavuta kiti akaketi mbele yake. Hakuwasha redio.

Alipozinduka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili.

"Ulikuwa unasema kitu," karani akasema.

"Hapana. Nikutilie chai?"

"Ulikuwa unasema kitu, nami nilikuwa nakisikia kwa mbali nikadhani naota. Kiseme tena, nimeamka."

Akamwambia tena, safari hii anamtazama usoni.

"Ndiyo," karani akajibu. Akajilaza vizuri kwenye kochi, akamvuta mkono akauweka chini ya shavu lake. "Ndiyo. Sasa niache nilale."