Kete Iliyolazwa Ubavu

Chai ya marehemu ilikuwa imepungua. Ginzo alikitazama kikombe, akajiambia huenda kinavuja, maana mtu mzima akiogopa hutafuta kwanza sababu ya kijinga.

Kikombe hicho kiliwekwa kwa heshima ya serikali. Kanuni za ukumbi wa mtaa zilisema meza ya majong, ule mchezo wa kete, hutolewa kwa wachezaji wanne walioandikishwa, na tangu Takeko afariki wakati wa theluji walibaki watatu: Ginzo, mkewe Matsue, na Kuroiwa, kinyozi mstaafu. Bi Nagase wa ofisi ya kata aliwahurumia, ila huruma haikuwa na kifungu.

"Jina lake halijafutwa bado," alinong'ona. "Kiti kisionekane kitupu tu, wazee wangu."

Basi wakaweka mto wa kukalia, wakaweka chai, na kwa kuwa Kuroiwa hapendi kitu nusunusu, wakamgawia marehemu kete zake.

Hapo ndipo walipokosea. Wali na ubani kila nyumba huwapa wafu wake, nao hunusa wakaenda zao. Kete ni jambo jingine. Aliyegawiwa kete ana zamu.

Takeko alikuwa pacha wa Matsue. Walizaliwa watatu, uso mmoja. Umeko alizama mtoni angali mdogo. Sasa alibaki Matsue peke yake.

Mchana ule mvua ilinyesha. Kuroiwa akatupa kete yenye picha ya mianzi.

"Pon."

Ndilo neno la mwenye kete mbili zinazofanana, anapodai ya tatu iliyotupwa. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Ginzo, acha utani wako."

"Sijafungua mdomo."

"Nani basi, mto?"

Mbele ya kiti kitupu kete mbili za mianzi zikajilaza wazi. Ile ya Kuroiwa ikateleza mezani, ikajiunga nazo, ikalala ubavu ikimwelekea yeye, kama mchezo unavyotaka, ili wote wajue ni nani aliyeitupa. Kisha, kwa kuwa anayechukua moja lazima naye atupe moja asiyoihitaji, kete nyingine ikasukumwa katikati. Ilikuwa imelowa. Ilinuka tope la mto.

"Nimeacha jiko linawaka," alisema Kuroiwa, ambaye jiko lake la umeme hujizima lenyewe, akatoka mbio bila viatu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Mume wangu," Matsue alinong'ona, "nishike mkono."

"Kuna nini?"

"Dada zangu wako pale. Wawili wanaofanana, wanamtaka wa tatu. Lakini hawawezi kunichukua mpaka mtu anitupe. Usiniachie, basi. Wewe nishike tu."

Akamshika. Na kwa kitambo alimshika kweli, huku kioo cha dirisha kikionyesha nyuso mbili juu ya kiti kitupu, moja ya bibi na moja ya mtoto, zote mbili zikiwa uso wa mkewe, na ubaridi ukapanda kutoka kiganja cha Matsue, ukaingia mkononi mwake, ukafika begani, ukafika kifuani, maji yakaanza kumjaa kooni yeye ambaye hakuwahi kukanyaga mto ule, akakohoa, akatapatapa, akauvuta mkono wake.

"Mchukueni!" alipiga kelele. "Ni wenu huyu! Mimi simtaki!"

"Pon," zikasema sauti mbili.

Matsue hakulia. Alimtazama mumewe kama mtu anayesoma jina mlangoni, kisha akaanguka ubavu juu ya mkeka, kichwa kikimwelekea yeye.

Ginzo alivuta pumzi. Koo lilikuwa kavu. Alianza kushukuru, na katikati ya shukrani akakumbuka sehemu iliyobaki ya mchezo: anayechukua lazima atupe.

Mwili wa Matsue ukainuka, ukaketi. Ukatema tope.

"Wale hawakunihitaji," ulisema, kwa sauti isiyokuwa ya mtu wa ukoo wowote. "Huko chini nimekaa nao muda mrefu. Sifanani na yeyote."

Kesho yake Ginzo alikwenda kata. Bi Nagase alilinganisha kitambulisho na bibi aliyeketi akidondosha maji sakafuni.

"Uso ni huu huu, mzee. Unalalamikia nini hasa?"

"Si yeye."

"Ni nani basi?"

"Sijui."

Nagase akamweleza kwa upole kwamba asiyejulikana hawezi kuhamishwa makazi, akawapongeza kwa ndoa ndefu. Kasisi wa hekaluni naye alikataa. Mvamizi hufukuzwa, alisema, huyu kaletwa kwa utaratibu.

Sasa kila jioni bibi yule hujaza maji beseni la kuogea, hujilaza chini ya maji macho wazi, na humwita Ginzo kwa jina. Naye Ginzo hufungua dirisha linaloelekea mtoni.

"Nimemtupa!" hulia. "Mnasikia? Simtaki! Nimemtupa!"

Hungoja. Mto hupita. Hakuna anayejibu, maana hakuna popote, chini wala juu, mwenye wawili kama yule.