Robo Saa Kwapani

Gari jeupe aina ya Lada liliparamia kibanda cha matikiti, likapinduka mlangoni mwa duka la mikate.

Samarkand nzima ilisikia.

Jasusi Zulayho Ergasheva aliruka kutoka kwenye pikipiki, bastola ya Makarov mkononi. Dereva wa Lada akachomoza na bastola. Zulayho akampiga risasi moja ya paji la uso. Hakuwa mtu wa kurudia kazi.

Mlanguzi Shuhrat alitambaa nje akicheka, akiburura masanduku mawili ya barafu yanayofanana kama mapacha.

"Karibu, dada. Moja lina uboho niliouiba hospitali, wa kumtibu yule mtoto; nina mteja wake ng'ambo. Lingine damu iliyooza, ya kuwazuga hospitali. Niache niende, nikuonyeshe lipi ni lipi."

"Nikuamini wewe? Hata mkeo hakuamini ukisema unakwenda chooni."

Akapiga simu. "Daktari, yule mtoto Mohigul ana muda gani?"

"Saa moja. Uboho wake mbovu tumeshauua kwa dawa. Bila huu mpya, hafiki kesho."

"Nina masanduku mawili. Lipi?"

"Vile vichupa viwili vya manjano nilivyokupa. Tia tone la mfuko wa kila sanduku, kila moja na kichupa chake. Chembe nyeupe zilizo hai zikinusa kijidudu nilichotia humo, vipande vya kimeng'enya vilivyolala huku na huku hukimbilia ukutani mwa chembe, vikaungana, vikatema sumu. Manjano hugeuka buluu. Katika zilizokufa, vipande haviungani ng'o! Ila zinataka joto la mwili, robo saa."

"Joto hilo nalitoa wapi?"

"Kwani kwapa huna?"

Akavuta matone kwa sindano. Kichupa cha sanduku la kulia akakifunga uzi. Vyote viwili, kwapa la kushoto.

Dakika ya tisa, Shuhrat alinyakua ndoana ya kuopolea mikate kando ya tanuri la duka.

Ndoana ikampasua Zulayho bega la kulia. Makarov ikaanguka.

Mkono wa kushoto haukuinuka. Kuku anayeatamia harukiruki.

Akampiga kichwa cha pua. Pua ikavunjika. Goti la kinena. Kisha, kwa mkono unaochuruzika damu, akamshika kisogo na kuubamiza uso wake kwenye ukuta wa tanuri.

Nyama ikababuka.

"Dada, naungua!"

"Nyamaza. Mikate mbona hailalamiki?"

Akambamiza tena. Shuhrat akazirai.

Robo saa ikatimia. Zulayho akadondosha matone ya kila kichupa kwenye kipande cha kioo, akabandika lenzi kwenye simu, akachungulia.

Kichupa kisicho na uzi: manjano.

Chenye uzi: madoa ya buluu, kama wino.

Dakika ishirini baadaye, hospitalini, uboho ulikuwa ukidondoka, tone kwa tone, mkononi mwa Mohigul wa miaka tisa.

"Keti nikushone hilo bega!" daktari akafoka.

"Baadaye. Leo Alhamisi, daktari, siku ya pilau kwetu. Pilau haingoji mtu."

Akaenda zake.