Aliyeshuka Kwenye Treni

Umeme ulikatika nusu saa kabla ya picha ya jioni, na Otto, mwenye banda la video pale Majengo, akamkabidhi Makarius dumu tupu.

"Kaniletee petroli Bombambili. Leo watajaa, na wakikuta giza watanivunjia mabenchi."

Kumtuma mtafsiri petroli ni dharau, lakini Makarius alilichukua akaenda. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiugeuza mkanda mzima kuwa Kiswahili, akilia kwa sauti ya mtoto na kukohoa kwa sauti ya mzee. Kiingereza chake kilikuwa cha miaka miwili ya seminari. Pale kilipoishia alijazia mwenyewe, na kusema kweli hapo ndipo watu walipompendea. Mjini walimwita Mdomo, naye jina hilo alilivaa kwa maringo.

Aliponunua petroli na kugeuka kurudi, jua lilikuwa limeshazama. Alikata njia ya mkato, nyuma ya nyumba. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda chini, na akina mama walikuwa wakiita watoto waingie ndani.

Kisha akasikia harufu ya udi.

Udi, katikati ya moshi wa kuni, nyuma ya vyoo vya watu. Akaongeza mwendo. Nyuma yake zikaanza kandambili. Pa... pa... pa... Akipunguza, nazo zinapunguza. Akisimama, zinasimama.

"Makari."

Makarius akalikumbatia dumu. Hakuna aliyemwita Makari tena. Aliyemwita hivyo alikuwa mmoja tu, na leo alikuwa anatimiza siku arobaini chini ya udongo wa Tunduru.

"Yule aliyeshuka kwenye treni," sauti ikanong'ona, karibu sana na sikio. "Alikuwa nani?"

Makarius alijibu kama alivyokuwa akimjibu kila mtu wiki ile, bila kugeuka.

"Dada yake."

Kandambili hazikusogea. Alisikia pumzi ndefu ikivutwa, pumzi ya mtu aliyechoka kusubiri. Alipopata moyo wa kugeuka, njia ilikuwa nyeupe, haina hata kuku. Alikimbia mpaka petroli ikamlowanisha suruali.

Tuseme ukweli, mambo yote yaliharibiwa na sinema ile. Ilikuwa ya mapenzi, ya nchi ya barafu, sehemu tatu kwa jioni tatu. Nesi mmoja mzuri anaandika barua kwa mpenzi aliye mbali, anakataa wachumba, anafukuzwa kwao, anasubiri. Kiswahili kilimrahisishia Makarius kazi. Mpenzi ni mpenzi, yeye ni yeye, hakuna anayekuuliza wa kike au wa kiume. Akazisoma barua zile kwa sauti ya kubembeleza mpaka wanaume wakawa wanafuta macho kwa siri. Mtaa mzima ulimpenda huyo mpenzi ambaye hajaonekana. Chande, fundi baiskeli, alishasema atakuwa mwanajeshi, mrefu, mwenye sharubu.

Jumanne, sehemu ya tatu, treni ikafika. Nesi akakimbia kwenye jukwaa la stesheni. Mlango ukafunguka na akashuka mwanamke mwenye koti jeusi. Wakakumbatiana. Wakabusiana, na si busu la shavuni.

Banda likalipuka.

"Siku tatu tunamsubiri mwanamume, anashuka mwanamke," Chande alisema, amesimama juu ya benchi. "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii sinema inatufundisha nini? Watoto wetu wako hapa."

Mwingine akasema ametukanwa. Mwingine akasema hilo halina ubaya, ubaya ni kufichwa, maana angejua angebaki kwake akala. Benchi moja lilishainuliwa juu. Ndipo Makarius, kipaza sauti mkononi, akafanya alichozoea kufanya.

"Ni dada yake, jamani. Dada yake waliyepoteana utotoni. Mpenzi mwenyewe kafa vitani, dada ndiye kaleta habari."

Benchi likashuka. Wengine hata walilia upya, kwa huyo mwanajeshi mwenye sharubu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lakini kwa vinyozi na magengeni ubishi haukuisha. Nusu ya Majengo ilisema dada, nusu ikasema dada habusiwi vile. Ndiyo maana Otto aliirudisha sehemu ya tatu leo Alhamisi, na ndiyo maana watu walikuwa wanagombea mlango.

Makarius alijua kwa nini uongo ule ulimtoka upesi hivyo. Alikuwa ameshaufanyia mazoezi.

Dada yake mkubwa, Kunegunda, alikaa Ruhuwiko na Shakila kwa miaka kumi na miwili. Walishona nguo barazani. Shakila alikata, baibui lake likinukia udi, Kunegunda alishona. Chumba kimoja, kitanda kimoja, sufuria moja. Makarius alikulia mikononi mwao baada ya mama yake kufa, na Shakila ndiye aliyemwekea ukoko kila jioni. Aliyajua yote kama mtoto anavyoyajua ya nyumbani kwao, bila kuambiwa. Kisha homa ikamchukua Shakila kwa siku nne.

Ndugu zake walikuja na lori kutoka Tunduru. Mussa, kaka yake, alisimama uani akauliza kwa adabu kabisa, "Samahanini, marehemu alikuwa nani wenu hapa? Tujue wa kumpa mkono wa pole."

Kunegunda alikuwa mlangoni, ameshika ndoo ya maji. Watu wote wakamtazama Makarius, maana ndiye mwanamume wa nyumba na ndiye mwenye mdomo.

"Alikuwa mpangaji wetu," alisema.

Basi mkono wa pole akapewa yeye, kama mwenye nyumba. Kunegunda hakupewa na mtu. Hakuruhusiwa kukaa mkekani na wafiwa wala kushika sanda. Alisaidia kubeba kuni, kama jirani yeyote, na lori likaondoka.

Tangu siku hiyo hakusema neno. Wiki tatu za mwisho alikuwa hata hali, anaramba togwa kidogo akilazimishwa. Hospitali walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Shangazi yao Hilda, aliyehamia pale kumuuguza, yeye aliuona. "Huyu kalogwa na yule mpangaji. Jumamosi mganga anakuja kumnywesha dawa ya kutapika." Mtu asiyekula wiki tatu, umtapishe nini? Makarius alijua dada yake hataivuka hiyo Jumamosi. Alijua pia dawa yake ni nini, na aliiogopa zaidi ya kifo. Ni aibu kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jenereta ilinguruma. Otto alimvuta pembeni kabla ya kuanza.

"Mwenyekiti wa mtaa kaniuliza. Leo useme wazi ni dada yake. Ukiteleza, kesho usije."

Alitafsiri vizuri kwa saa nzima. Sauti ilimtii. Barua, machozi, barafu. Halafu treni ikaonekana kwa mbali, na harufu ya udi ikaingia bandani.

Mwanzoni alidhani ni yeye tu. Kisha akaona watu wa mbele wakigeuza pua.

Mlango wa treni ukafunguka. Mwanamke wa koti jeusi akaweka mguu wa kwanza chini... na mkanda ukakwama. Picha ikasimama, inatetemeka kidogo. Uso wa yule mwanamke haukuwa umeelekea kwa nesi kama Jumanne. Ulikuwa umewaelekea wao.

Otto akagonga deki. Wapi.

Makarius alitupa macho kwenye benchi la wanawake. Pale mwisho, karibu na ukuta, palikuwa na mtu wa baibui aliyeinamisha kichwa. Hakumwona akiingia. Mlango ulikuwa mmoja, na yeye alikuwa ameketi karibu nao.

"Mdomo," Chande aliita. "Acha kutuzungusha. Huyu aliyeshuka ni nani wake?"

Lilikuwa swali la Chande, lakini lilimfikia kwa sauti ya Mussa, kwa adabu ileile ya uani. Mtu wa baibui akainua kichwa. Mwanga wa televisheni haukumfikia usoni, au ulimfikia na hapakuwa na uso wa kumulikwa. Makarius hakutazama mara mbili.

Akafungua kinywa aseme dada. Ulimi haukunyanyuka. Akajaribu tena. Akaona, kwa uwazi uliomtisha kuliko lile baibui, dada yake akiwa amelala chali Ruhuwiko, mbavu zinahesabika, na Shangazi Hilda akimshika taya.

"Ni mpenzi wake," alisema.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Tangu barua ya kwanza ni huyuhuyu. Hakuna mwanajeshi. Hakuna dada. Nyinyi mlimlilia huyu. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Mkanda ukalia, ukaendelea. Wale wawili wakakumbatiana kwenye jukwaa la stesheni, na safari hii hakuna aliyewatafsiria, kwa sababu hawakusema kitu.

Chande alitema mate akatoka, na wengi wakamfuata. Hawakuvunja benchi hata moja. Walitoka na huzuni ya watu waliofiwa na sharubu zao, na mmoja alisema mlangoni kwamba bora angeachwa na uongo wake. Otto alikuja akachukua kipaza sauti mkononi mwa Makarius bila kugombana. Hilo lilimuuma kuliko kama angegombana.

Aliyebaki ni Sharifa, muuza maandazi, kwenye benchi la wanawake.

"Mimi nilijua tangu barua ya kwanza," alisema. "Mwanaume gani kila barua anaulizwa kama amekula?"

"Aliyekaa hapo pembeni yako ametoka saa ngapi?"

Sharifa akatazama ukutani. Akapitisha kiganja juu ya ubao, akakirudisha upesi kifuani.

"Hapa hakukaa mtu, kaka," alisema taratibu. "Lakini ubao una joto."

Makarius alikwenda Ruhuwiko mbiombio. Njia nzima kandambili zilikuwa naye, ila safari hii zilikuwa mbele. Pa... pa... pa... zinaharakisha, za mtu anayewahi kwake. Alipofika kwenye ua zikanyamaza.

Ndani palikuwa na kibatari. Akasimama nje ya mlango, mkono hewani, hajagonga.

Dada yake alikuwa akizungumza.

Siku arobaini hakuwa ameisikia sauti ile, na machozi yalimtoka palepale. Kunegunda alisema kidogo, akanyamaza kumwachia mwenzake nafasi, akasema tena. Kisha akacheka. Na chini ya kicheko chake kulikuwa na kicheko kingine.

"Hodi," alisema Makarius, na hodi ile ilitoka nyembamba.

"Karibu. Mlango uko wazi."

Kunegunda alikuwa ameketi mkekani, mifupa mitupu, macho yamerudi. Mbele yake sahani ya ugali na majani ya maboga. Ugali ulikuwa umemegwa pande mbili. Ng'ambo ya sahani kulikuwa na kigoda, hakina mtu. Makarius akakiendea.

"Hapo pana mtu," dada yake alisema.

Akabaki amesimama. Udi ulikuwa mwingi mpaka unakwaruza koo.

"Dada, nimesema. Kule bandani, mbele ya watu wote."

"Najua. Nimeambiwa." Kunegunda alimega tonge, akalifinyanga polepole. "Lakini kule umesema ya sinema. Ya hapa nyumbani bado hujayasema."

"Niseme nini?"

"Mdomo ni wako. Unasubiriwa."

Nyuma yake mlango ukalia. Shangazi Hilda alikuwa ametoka chumba cha pili, rozari mkononi, na nyuma yake, uani, majirani wawili waliosikia kicheko walikuwa wamesogea kuchungulia. Kabla ya mapambazuko Ruhuwiko nzima ingejua. Makarius alifikiri hivyo, na akaogopa, na akaona pia kwamba tonge lilikuwa limesimama mkononi mwa dada yake, nusu ya njia. Halikwenda kinywani wala halikurudi sahanini. Lilisubiri, kama wote waliokuwa mle ndani.

Akageukia kigoda. Akainama kidogo, kama mtu anavyowainamia wakubwa zake.

"Shikamoo, shemeji."

Rozari ya Shangazi Hilda ilianguka sakafuni. Moto wa kibatari ukalala upande mmoja, ukasimama. Kunegunda akafumba macho, akalitia tonge kinywani, akatafuna kwa raha.

Na ubao wa kigoda ukalia, kama unavyolia mtu anaposogea mbele kupokea salamu.

"Marahaba, Makari."

Makarius alimtazama dada yake kwa haraka, akimwomba kimoyomoyo awe ndiye aliyejibu. Kunegunda alikuwa bado anatafuna, midomo imefungwa.