Viazi vya Bibi Sylviane

Kila jioni Immaculée, mama yake Christelle, alimwagia maji tuta lake la viazi vitamu, nyuma ya nyumba yao pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mama mkwe wake, Bibi Sylviane, alikaa mlangoni akitazama. Meno yalikuwa yamemwisha na mwili ulizidi kudhoofu. Alitamani kitu kimoja tu: kiazi cha kuchoma kwenye majivu, kutoka tuta lao wenyewe, kama walivyokula kule kwao Uvira.

"Utakula, mama," Immaculée alimwahidi.

Viazi vikatambaa vizuri. Immaculée akaanza kuchuma matembele, yaani majani ya viazi, ampikie bibi mboga laini. Bibi alikula, akashukuru. Basi ikawa kila siku kuchuma, na majirani nao hawakunyimwa. Mashina yakabaki uchi. Immaculée hakujali. Alidhani majani yakipungua, nguvu zote zitashuka kwenye viazi. Maskini, alifanya kwa upendo.

Siku ya kuchimba alitoa mizizi myembamba kama kamba za viatu. Bibi aliitazama, akasema atangoja.

Chepngetich, afisa wa kilimo kutoka Lodwar, alipopita kukagua bustani, Immaculée alimwonyesha mizizi ile.

"Mama Christelle, jani ndilo jiko la mmea," Chepngetich alisema. "Linapata maji kutoka kwenye mizizi, na hewa kutoka nje. Moto wake ni mwanga wa jua. Hapo linapika sukari. Mmea unakula, na inayobaki inashuka chini kuwekwa akiba. Akiba hiyo ndiyo kiazi."

Immaculée aliigeuza ile mizizi mkononi. "Kumbe, madamu, kila siku nilikuwa ninabomoa jiko."

"Chuma machache tu kila shina. Mengine yaache juani."

Akapanda upya. Safari hii akawa na mkono wa birika. Majirani walipoomba matembele, aliwapa machache tu.

"Mengine yaacheni," aliwaambia. "Yanampikia bibi."

Majani yakafunika tuta lote. Lakini Bibi Sylviane hakuwahi. Walimzika viazi vikiwa bado vichanga.

Vilipokomaa, Immaculée alichimba viazi vinene, watoto wakafurahi. Alichoma kimoja kwenye majivu, akakimenya. Kisha akakiponda taratibu, kiwe laini kwa mtu asiye na meno. Alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.